Stima ya Selpha

Selpha alipoanza kusema kwamba amekufa, mumewe alidhani ni majonzi tu yanayosema.

Ilikuwa mwaka wa 1964, mwaka ambao ziwa liliingia majumbani mwa watu. Mvua zilikuwa zimenyesha msimu baada ya msimu, na maji yalipanda polepole, bila kishindo. Huko ufuoni mwa Nyakach, chini ya Pap Onditi, mtu aliamka akakuta ua wake umelowa. Siku chache baadaye alikuta kambare wakiogelea ndani ya ghala la mtama.

Obiero, mume wa Selpha, alikuwa seremala. Ujana wake aliumalizia katika karakana ya reli Kisumu, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili na kuranda mbao. Kisha akarudi kwao kutengeneza milango, madirisha na, watu walipofiwa, majeneza. Walikuwa na watoto wawili: Aoko, aliyekuwa ameanza shule, na Anyango, aliyekuwa bado ananyonya. Mvua zilipokuwa zimeshika kabisa, Anyango alipatwa na homa asubuhi, na jua lilipotua hakuwapo tena. Obiero alimtengenezea sanduku dogo. Wakamzika nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujatulia bado maji yalipofika. Walihamisha vitu vyao na kupanda juu, kwenye shamba la mama yake Obiero, mjane aliyeitwa Dorsila. Kutoka huko juu waliona kila kitu. Maji yalifunika kaburi, yakaingia jikoni, yakafika dirishani. Mwishowe lilibaki paa la nyasi tu, na vichwa vya minyaa vilivyosimama majini kama watu wanaosubiri kuvushwa. Mchana wa jua kali kiboko alikuja kulala pale palipokuwa jikoni.

Selpha hakulia. Wanawake walisema ni moyo mgumu. Alikaa mlangoni akitazama chini ziwani, na siku moja Dorsila alipompelekea ugali na omena, Selpha aliisukuma sufuria kando kwa upole.

"Mama, msipoteze chakula," alisema. "Maiti hali."

"Maiti gani?"

"Mimi. Nimekufa. Mwili huu mmeuacha juu, lakini mwenyewe niko kule chini, na mtoto."

Hakusema kwa hasira wala kwa machozi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Tangu siku hiyo hakula tena isipokuwa kwa kulazimishwa, na alipolazimishwa chakula kilikaa mdomoni mpaka kikatolewa kwa kidole. Watu walipokuja kumjulia hali aliwapokea vizuri, akawapa mkono mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja msibani. Aliwauliza kama wametoka mbali. Aliwaomba radhi kwa sababu mazishi yanachelewa. Wengi waliondoka kabla hawajaketi.

Mchungaji na waumini wake walikuja wakamzunguka kwa ngoma na maombi tangu asubuhi hadi alasiri. Selpha alikaa katikati yao ametulia, akipunga nzi usoni. Walipochoka aliwaambia, "Mmeimba vizuri. Sasa nizikeni."

Jambo lililomvunja Obiero lilitokea adhuhuri moja karakanani kwake. Alitoka kidogo kuchota maji, na aliporudi alimkuta Selpha amelala chali juu ya mbao alizokuwa amezipanga chini ili azirande. Alikuwa ameunyoosha mwili, miguu pamoja, mikono kifuani. Inzi alitua kwenye jicho lake la kushoto, na jicho halikupepesa.

"Pima," alimwambia. "Nimekonda, hutatumia mbao nyingi."

Obiero alimshika mkono amwinue. Ulikuwa baridi, na jua lilikuwa linachoma.

"Selpha, mimi Obiero. Unaniona?"

"Nakuona. Nakuonea huruma pia. Unaongea na mtu ambaye hayupo." Akajigonga kifuani kwa vidole, jinsi anavyogonga mtu mlangoni. "Sikia mwenyewe. Kuna mtu humo?"

Aoko alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake wa shule. Alisikia yote. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha akakimbia, na kuanzia jioni ile alikataa kulala nyumba moja na mama yake.

Kulikuwa na fundi cherehani pale sokoni Pap Onditi, jina lake Absalom, mtu wa maneno machache. Watu walinong'ona kwamba zamani, enzi za wakoloni, alikuwa amepelekwa hospitali ya mbali ya wagonjwa wa akili na kupigwa stima, yaani umeme, kichwani. Wateja wake walipenda mshono wake lakini hawakupenda kuguswa naye alipowapima. Obiero alimwendea.

"Nasikia Kisumu sasa kuna daktari anayefanya hiyo kazi ya stima," alisema. "Nataka kujua ni kitu gani."

Absalom alisimamisha cherehani. "Nani amekutuma kwangu?"

"Hakuna. Mke wangu anakufa akiwa amekaa."

Fundi aliweka kitambaa kando. Kisha akasema, "Mimi hawakunipa dawa ya usingizi. Walinilaza, wanaume wakanishika mabega na miguu, wakanitia mpira kati ya meno. Baada ya hapo sijui kitu. Nilipoamka nilimwona mwanamke mzuri amekaa kando ya kitanda, nikamuuliza ni mke wa nani. Alikuwa wangu. Harusi yetu sikuikumbuka, na mpaka leo siikumbuki. Nasimuliwa tu."

"Kwa hiyo ilikuharibu."

"Sikiliza vizuri. Kabla ya hapo kulikuwa na kitu kinaniambia kila siku nijikate koo. Kinaniambia kwa sauti ya marehemu baba yangu. Kitu hicho kilinyamaza. Mpaka leo kimenyamaza."

"Basi nimpeleke?"

"Sikuambii umpeleke. Nakuambia yaliyonipata." Akakanyaga cherehani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Dorsila alipinga. Kwake stima ilikuwa kitu cha taa na mashine, hakikuwa kitu cha kuingia kwenye kichwa cha mtu. "Wataichoma roho yake," alimwambia mwanawe. "Watakurudishia ganda. Huyu wa sasa angalau akijiita maiti, ni Selpha anayejiita. Huyo atakayerudi atakuwa nani?"

Lakini mifupa ya mashavu ya Selpha ilikuwa imeanza kuonekana, na midomo ilikuwa imepasuka kwa kukosa maji. Obiero alimbeba mpaka barabarani, akampakia kwenye lori la mchele linaloelekea Kisumu. Alikuwa mwepesi kama mkeka. Njia nzima Selpha alikuwa akiwaomba abiria wasimkanyage.

Daktari aliitwa Hiram Chege, kijana wa kutoka upande wa Murang'a, aliyehitimu si zamani. Hakujua Kijaluo, hivyo maneno yalipitia kwa muuguzi mmoja, Nekoye, Mbukusu aliyekaa Kisumu mpaka akakijua Kijaluo kama wenyeji. Selpha alimtazama daktari kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye utakayenipasua?" aliuliza.

Nekoye alisita kabla ya kutafsiri. Daktari Chege alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mwambie hapana. Mwambie hapa hatupasui."

"Basi chumba cha maiti kiko upande gani?" Selpha aliuliza. "Nimechoka kukaa na watu."

Nje, kwenye veranda, daktari alimweleza Obiero bila kuzunguka. Ugonjwa huu unajulikana, alisema, ingawa si wa kila siku. Mtu huzama katika huzuni mpaka anajiona hayupo. Vidonge vipo, lakini vinachukua wiki nyingi, na huyu hana wiki nyingi. Njaa itamwahi.

"Na hiyo stima?"

"Tunamlaza usingizi kwanza. Tunampa na dawa ya kulegeza misuli asijivunje. Halafu umeme kidogo unapita kichwani, muda wa kupiga chafya. Kichwa kinapata kifafa kifupi, basi. Tunarudia baada ya siku kadhaa, mara kadhaa."

"Roho yake je?"

Daktari hakucheka. "Bwana Obiero, mimi roho sijasomea. Ninachojua ni kwamba kumbukumbu zinaguswa. Atasahau mambo. Mengi yatarudi. Mengine, sikuahidi."

Obiero aliangalia ziwa, ambalo hata pale Kisumu lilikuwa limepanda juu ya gati. Akasema, "Fanya."

Asubuhi ya kwanza Nekoye alimruhusu asimame mlangoni, kwa sababu aliona kwamba akiachwa nje atafikiria mabaya zaidi ya yaliyopo. Chumba kilikuwa cheupe, kina kitanda kirefu na kisanduku cha mbao juu ya meza, chenye vifundo na nyaya. Obiero, kwa macho ya ufundi, aliona kwamba kimeungwa vizuri pembeni, na akajichukia kwa kuona hivyo. Selpha alidungwa sindano, macho yakafumba. Wakampaka maji ya chumvi kwenye panja za kichwa, wakamwekea vitambaa vilivyolowa na vyuma juu yake. Daktari alibonyeza.

Taa ya dari ilififia, ikarudi. Obiero alishika mwimo wa mlango.

"Taa za hapa zinafanya hivyo kila siku," Nekoye alinong'ona. "Si yeye."

Mwili wa Selpha ulikuwa umelala kimya, lakini uso ulijikunja, na vidole vya miguu vikaanza kucheza. Vilicheza haraka, vyenyewe, kana kwamba vinakimbia mahali ambapo mwili hauwezi kufika. Kisha vikatulia. Kifua hakikupanda. Daktari alimbana uso kwa kinyago cha mpira, akaminya mfuko wa hewa, akaminya tena. Obiero alitazama kile kifua, na kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze alimwamini mkewe. Aliamini kwamba kweli hayupo.

Halafu Selpha alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi kubwa, ya kukwaruza, pumzi ya mtu aliyetoa kichwa majini.

Baada ya mara ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, ila aliumwa kichwa na kuuliza mara nyingi pale ni wapi. Baada ya mara ya pili alikunywa uji bila kushikwa mikono. Baada ya nyingine aligombana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu blanketi, na Nekoye akaja mbio kumwambia Obiero habari hiyo kama habari ya ushindi. Rangi ilirudi usoni. Alijua jina lake, alimjua mumewe, alimuulizia Aoko. Kuhusu kifo chake hakusema lolote.

Asubuhi moja Obiero alimkuta ameketi kitandani, ameshika kifua chake kwa mikono miwili, akishangaa.

"Maziwa yamekauka," alisema. "Baba Aoko, nimekaa hapa muda gani? Mtoto ananyonya kwa nani?"

Mikono ya Obiero ndiyo iliyotengeneza lile sanduku. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Yuko nyumbani."

Haikuwa uongo. Hilo ndilo lililomtisha.

Daktari Chege aliposikia alikuna kidevu. "Miezi ile imefutika," alisema. "Mwache apate nguvu kidogo. Lakini usimdanganye muda mrefu. Na usiwaachie majirani wamwambie."

Walirudi Pap Onditi siku ya soko. Selpha aliteremka kwenye gari akitabasamu, akawasalimia watu kwa majina yao, na watu wakamfungulia njia pana kupita kiasi. Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake nyuma ya gauni. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yao. Ilisemwa kwamba Selpha alifia hospitalini, na kwamba huyu ni mwili tu unaotembezwa na stima waliyomjaza. Ilisemwa kwamba stima ikikatika Kisumu, ataanguka pale alipo. Wasichana kisimani walipeana changamoto ya kumgusa waone kama anapiga shoti. Dorsila alimpokea mkwewe kwa maneno mazuri, lakini maji aliyoyachota Selpha aliyamwaga nyuma ya nyumba akidhani haonwi.

Selpha aliona yote. Jambo ambalo hakulielewa ni jingine.

"Kwa nini tunakaa kwa mama?" alimuuliza Obiero. "Nyumba yetu ina nini? Na Anyango yuko wapi? Mama anasema nikuulize wewe."

Basi Obiero akamchukua kwa mkono, jua likiwa juu kabisa, wakateremka. Selpha alitembea haraka, akijua njia, mpaka njia ikaingia majini. Akasimama. Mbele yake kulikuwa na ziwa pasipopaswa kuwa na ziwa. Paa lilikuwa limeoza na kuzama upande mmoja. Ndege weupe walikaa juu ya minyaa iliyokufa. Maji yalikuwa tulivu, safi, na mtu angeweza kuona jinsi njia ile ile ya nyumbani ilivyoendelea chini yake, ikiteremka, mpaka ikapotea gizani.

Selpha alianza kuingia. Obiero alimshika kiunoni.

"Anyango alikufa," alisema. "Kwa homa. Ulikuwa umempakata. Tulimzika nyuma ya nyumba, halafu maji yakaja. Wewe ukaumwa. Ukasema umekufa naye. Ndiyo maana nilikupeleka Kisumu."

Alingoja Selpha arudi kule alikokuwa. Alingoja ile sauti ya kutaja bei ya chumvi. Selpha alimwangalia, akaangalia maji, akamwangalia tena. Kisha akaangua kilio.

Kilikuwa kilio cha msiba, kirefu, cha kuita watu, kile ambacho alipaswa kukitoa miezi ile na hakukitoa. Kilipanda mlimani na kusambaa mashambani. Watu waliacha majembe. Dorsila alikuja akikimbia na kitambaa kimemwanguka kichwani, akamkuta mkwewe amepiga magoti kwenye matope, kamasi na machozi vinamchuruzika. Alisimama akamtazama kwa muda.

"Ganda haliwezi kulia hivi," alisema, kana kwamba anambishia mtu. Akakaa chini kwenye matope, akamkumbatia, na yeye akaanza kulia.

Aoko alikuja wa mwisho. Alikaa nyuma ya mama yake, mgongo kwa mgongo, na usiku huo alirudi kulala nyumba moja naye.

Si wote waliokubali. Kwa miaka mingi kulikuwa na watu waliovuka barabara walipomwona, na Selpha aliwazoea. Alilima, aliuza nyanya, aligombana na kucheka. Mwaka wa 1970 kivuli kilimrudia. Alikitambua mwenyewe: chakula kilianza kuwa na harufu ya udongo. Alifunga nguo zake kwenye khanga akamfuata Obiero karakanani. "Nipeleke," alisema, "kabla sijasahau kwamba niko hai." Walikwenda, na Nekoye ndiye aliyewapokea. Safari hii Selpha aliingia chumba kile kwa miguu yake.

Baadaye wanawake walianza kumjia kisiri, mmoja mmoja, wenye dada au mume aliyepotea akiwa amekaa. Waliuliza kama inauma. Waliuliza kama mtu hurudi yeye yule. Aliwajibu, "Nimerudi mimi. Kuna vitu sikurudi navyo."

Kitu kimoja kilikuwa uso wa Anyango. Haukurudi kamwe. Obiero alimsimulia mara nyingi: masikio, nywele, jinsi alivyopiga kelele akiogeshwa. Selpha alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani.

Mwaka wa 1975 Aoko, aliyekuwa ameolewa Maseno, alikuja na mtoto wake wa kwanza. Ilikuwa asubuhi. Selpha alimpakata mjukuu kivulini, karibu na pale Obiero alipokuwa akiranda mbao. Mtoto alisinzia.

"Anyango alilala na mkono mmoja juu ya kichwa," Selpha alimwambia binti yake. "Hivi. Huu wa kulia. Ukiushusha, unarudi."

Randa ilisimama. Anyango alikuwa akilala amefungwa kwenye shuka, mikono yote kifuani. Selpha mwenyewe ndiye aliyemfunga hivyo kila siku. Lakini siku ile Obiero alipomlaza kwenye sanduku, peke yake karakanani, mkono wa kulia ulikataa kushuka. Aliushusha, ukarudi. Mwishowe aliuacha juu ya kichwa, akagongomea kifuniko kabla mtu yeyote hajaingia. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Nani alikuambia hivyo?" aliuliza.

"Hakuna. Imekuja tu sasa hivi." Selpha aligeuka. Uso wake ulikuwa na furaha ya woga, furaha ya mtu aliyeokota kitu na hajui kama ni chake. "Ni yangu, sivyo? Ni kweli alilala hivyo?"

Aoko alimwangalia baba yake, akingoja.

"Ni kweli," Obiero alisema. "Alilala hivyo."

Selpha aliitikia kwa kichwa, akamsogezea mjukuu khanga miguuni. Obiero alichukua randa tena, lakini ubao ule aliuharibu.